Mayai Manne na Kisahani cha Chai

Furaha, mwenzetu wa kituo, ameniomba niandike kazi yangu kwa ajili ya nyinyi munaobaki katika chumba cha mayai. Nimekubali, lakini sitaandika nilipanda cheo lini, kwa sababu sikupanda. Niliingia mwanamke wa usafi na nimetoka mwanamke wa usafi. Katikati hapo nilijifunza mambo ambayo wenye diploma walikuja kuniuliza kwa sauti ya chini, wakiangalia kwanza kama mulango umefungwa. Mushahara nao siuandiki. Nyinyi pia munaupata, munajua.

Nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primeri. Furaha amenisaidia kupunguza herufi kubwa, nilikuwa nimeziweka kila mahali. Alipotaka kutengeneza na maneno, nilimunyanganya biki.

Kabla ya kuingia kituo hiki cha kuchunguza ndege nilikuwa nauza mayai ya kuku kwenye soko la Nyakasanza. Hilo mulijue kwanza, kwa sababu kosa langu lilitoka hapo. Mununuzi wa Bunia hanunui yai, anahukumu yai. Analigeuza, analinusa, na akiona doa dogo kama jicho la sisimizi anakuambia kuku wako anahara, anaenda kwa jirani. Kwa hiyo nilikuwa naosha. Kwanza majivu na kitambaa chenye maji. Doa likikataa, limao, siye tunasema ndimao. Hakuna mutu pale sokoni aliyekuwa na mayai meupe kama yangu.

Siku ya kwanza ya kazi nilivaa kikwembe kipya, nikapanda kutoka nyumbani Bigo kwa miguu, nikafika kabla ya sentineri kufungua geti. Mwenye chumba alikuwa Muzee Leonari. Hakuwa muzee bado, alikuwa na miaka ya mutu anayeweza kukimbia mvua, lakini miwani yake ilikuwa minene na kila mutu alimwita hivyo. Yeye ndiye aliyetunza mayai yote ya ndege wa pori tangu zamani: tiroire kwa tiroire, zile droo za kabati, kila yai kwenye pamba, limetobolewa tundu dogo na kupulizwa kuwa tupu. Alinionyesha ufagio na ndoo, akaweka kikombe chake cha chai mezani na kisahani chini yake, akasema:

"Mama Georgine, tiroire ya tatu iko na vumbi. Uisafishe. Mimi naenda kwa mukutano."

Nikafungua tiroire ya tatu. Ndani kulikuwa na mayai manne, madogo, kila moja kama ncha ya kidole gumba. Yalikuwa ya bulu hafifu, na juu yake mistari na madoa ya kahawia na nyekundu, sawa vile mutoto amechezea wino. Nikajiambia: bantu bakubwa hivi, mayai machafu hivi.

Nilianza na majivu. Madoa yalikataa. Nilikuwa na ndimao mbili kwa ajili ya samaki yangu ya mchana, nikazikamua zote ndani ya bakuli, nikaweka mayai. Kwa vile ni matupu, yalielea. Sasa yai linaloelea linaoshwa upande mumoja tu, na mimi si mutu wa upande mumoja. Nikachukua kisahani cha Muzee, nikayafunika nacho na kuyabonyeza yote manne chini. Povu likaanza kupanda. Nilifurahi. Nilisema uchafu unatoka, nikaanza na wimbo wa kwaya, ile sauti ya pili ambayo mama mwenye kuongoza alikuwa ananikataza.

Nikasikia viatu vyake kwenye koridori. Mukutano ulikuwa umeahirishwa. Sijui ni nini kilinishika. Nilikichomoa kisahani na kukisukuma ndani ya kikwembe changu, hapa tumboni, kikiwa kimelowa ndimao.

"Mama Georgine, uko nafanya nini?"

"Niko naosha, Muzee."

"Unaosha nini?"

"Mayai. Yalikuwa machafu sana."

Hakupiga kelele. Ingekuwa afazali. Alichukua kijiko na kuyatoa moja baada ya lingine, polepole, kama mutu anayetoa batoto ndani ya mto. Matatu yalikuwa meupe, na maganda yamekuwa membamba mpaka mwanga wa dirisha ulipita ndani yake. La ine limepoteza madoa, lakini ganda lake lilikuwa zima, gumu.

"Hili moja limepona," akasema. "Labda liliendelea kuelea."

Kisahani kilikuwa baridi tumboni mwangu. Nikasema, "Labda."

Neno hilo dogo nimelibeba miaka ishirini na tisa.

Alinikalisha kwenye kiti chake, yeye akasimama. Nilidhani sasa nafukuzwa. Akaniuliza kama ninajua kupika kuku. Nikamwambia muulize mume wangu.

"Ukipasua nyongo kwa bahati mbaya, inakuwa namna gani?"

"Maini yanakuwa ya kijani, na mwanaume anakula kwa jirani."

"Bon. Bulu na kijani ya yai ni ndugu ya nyongo. Kahawia na nyekundu ni ndugu ya damu. Mama ndege hana rangi nyingine mu duka lake, ni hizo mbili tu. Anachanganya, anapunguza, anaongeza, anatoa rangi zote unazoona mu kabati hii. Si uchafu, mama. Ni kazi yake. Weye umeosha kazi ya mutu."

Hapo ndipo nililia. Si kwa ajili ya mayai, nilikuwa bado naona ni machafu. Nililia kwa sababu nilimwelewa.

Hakunifukuza. Alifanya kitu kibaya zaidi: alichukua karatasi ngumu, akaandika etiketi kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya masista, na kuiweka ndani ya tiroire ya tatu mbele ya macho yangu. Iliandikwa: *Mayai manne ya mama mumoja. Yaliyooshwa na Mama Georgine kwa majivu na ndimao, siku yake ya kwanza ya kazi.*

"Etiketi hii itabaki mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka siku utakayoniambia juu ya mayai haya kitu kimoja ambacho mimi sikijui."

Nilirudi nyumbani na kisahani chake tumboni. Nilitaka kukirudisha kesho yake, lakini kesho yake alikuwa anakitafuta, chini ya meza, nyuma ya kabati, hata ndani ya ndoo yangu. Mutu akishatafuta kitu mbele yako na wewe ukakaa kimya, kukirudisha kunakuwa kazi ya kuungama kanisani. Nikakiweka nyumbani, tukawa tunawekea chumvi. Muzee Leonari alikunywa chai bila kisahani mpaka alipoenda retrete, kupumzika kazi, na kila kikombe kiliacha duara mezani, na kila duara nililifuta mimi. Munaona Mungu anavyofanya hesabu yake.

Sasa mutauliza: etiketi ni karatasi tu, iko na uchungu gani? Uchungu ni huu. Mayai hayo manne ndiyo Muzee aliyatumia kufundisha wageni. Kabla sijayaosha alikuwa ameyachora kwa rangi ya maji, vizuri sana, na picha ilikuwa pale pale ndani ya tiroire. Ndege wake ni kale kadogo kenye mukia murefu kanakokaa kwenye majani ya mabondeni, siye tunakaita Kamukia. Na Kamukia ni ndege wa ajabu: huyu anaweka mayai ya bulu, jirani yake meupe, mwingine ya rangi ya nyama mbichi, mwingine ya kijani cha avoka, na kila mama na madoa yake. Lakini mama mumoja haachi yake. Mwaka huu, mwaka ujao, rangi yake ni ile ile.

Kwa nini? Kwa sababu kuna ndege mwingine, jike lake la kahawia lisilokuwa na sura ya kukumbukwa, ambaye hajengi nyumba. Anaingia kwa Kamukia, anaweka yai lake, anaondoka, na mwenzake ndiye analisha. Siye tunamuita Mugeni. Naye anajua kuiga rangi. Ndiyo maana kila Kamukia anaweka saini yake juu ya yai, kusudi yai lisiloandikwa naye alitupe.

"Angalieni," Muzee alikuwa anasema, akiinua picha. "Mayai manne, mama mumoja, mwandiko mumoja." Wageni wanatikisa kichwa. Kisha anashusha mukono kwenye mayai yenyewe, meupe kama meno ya kununua, anasoma etiketi kwa sauti, na wageni wote wanageuka kuniangalia mimi na ufagio wangu. Walicheka wanafunzi. Walicheka mapadri. Siku moja alicheka Monsenyeri, akaniwekea mukono kichwani na kusema usafi ni jambo jema pia.

Nikaanza kutafuta kitu ambacho Muzee hakijui. Nililisoma kila yai kwa lenzi yake wakati alipokuwa anakula.

"Muzee, madoa yanajaa upande wa tako kuliko upande wa ncha."

"Hicho ninakijua."

"Muzee, kuna madoa ya juu na kuna ya ndani ya ganda. Ya ndani yanaonekana kama majivu, kwa sababu ganda limepita juu yake."

"Hicho ninakijua. Lakini umeona vizuri. Kesho nitakuonyesha namna ya kupima."

Hivyo ndivyo nilivyosoma, kwa hasira. Nilijifunza kwamba wanaotaga ndani ya mashimo, kama bundi na mudiria, mara nyingi mayai yao ni meupe: mule gizani rangi ya nini. Wanaotaga chini wanaweka madoa sawa na udongo, na yai lao unaweza kulikanyaga ukisema asante. Nilijifunza kwamba mama asiyepata chokaa ya kutosha, kuna wanaosema madoa yanamusaidia kushikisha ganda pale lilipo jembamba. Na kuna wanaokataa, na nimewahi kuwapikia chai pande zote mbili. Mukiniuliza mimi: tukae tuangalie.

Nilijifunza vyombo. Brashi ya manyoya ya mbuzi, hakuna nyingine. Kioo kidogo kwenye waya cha kuchungulia ndani ya kiota. Cha kwanza nilikitoa kwenye kopo la poda yangu mwenyewe. Na mudomo. Vidole vinadanganya, vimekauka na kazi. Weka yai tupu kwenye mudomo wa chini, gusa kidogo na jino, utajua ganda ni nene ao jembamba. Muzee alinifundisha hivyo, na mutu akiingia wakati huo anadhani tunakula mali ya kituo.

Na pazia. Patron mumoja, mukubwa wa kituo, jina naliacha, alitaka mayai yawekwe kwenye dirisha ili wageni waone vizuri. Nilimwambia jua linakula bulu. Akaniambia mama, fagia. Baada ya msimu mumoja wa kiangazi ile bulu ilikuwa kama shuka ya zamani ya hospitali, na yeye akaniuliza kama nimeosha. Hivyo ndivyo etiketi inavyofanya kwa mutu.

Miaka ya vurugu sitaiandika kwa urefu, kila mutu wa Bunia ana yake. Kituo kilifungwa, na Muzee akaniletea tiroire tano nyumbani Bigo. Tulizilaza chini ya kitanda, batoto juu, mayai chini, na mimi nikilala na jicho moja kwa sababu mutoto wangu wa pili alikuwa anaanguka kitandani. Ilipobidi tuondoke, nilihamisha mayai kwenye sufuria ya sombe, ile ya majani ya muhogo, pamba katikati, nikaibeba kichwani. Kwenye bariere kijana mwenye bunduki akaniambia nishushe.

"Iko nini?"

"Mayai."

Akafunua. "Madogo hivi? Kuku gani?"

"Matupu. Tulipuliza."

Kisha akamwambia mwenzake, "Huyu mama ameshachoka akili, umuache apite," na nikapita. Ndani ya sufuria ile etiketi pia ilikuwamo. Usiku tulipopika kando ya njia, moto ulikuwa unataka karatasi. Niliishika mukononi. Hakuna mutu angejua. Niliirudisha ndani ya pamba na kuwashia majani mabichi, tukakula moshi. Sikuwa mutakatifu. Nilikuwa nataka itoke kwa haki, mbele yake, aseme kwa mudomo wake kwamba hicho hakijui.

Muzee alienda retrete, akashuka Kasenyi kwa ndugu zake karibu na ziwa. Siku ya kuondoka alinipa funguo za kabati na kusema, "Ahadi ingali." Baadaye nikasikia macho yanamwishia. Nikaanza kuogopa. Akiondoka yeye duniani, etiketi ile inabaki milele, kwa sababu mwenye kuitoa ni yeye peke yake. Nami niko na wajukuu, wataingia siku moja na shule yao, na mwalimu atawasomea: yaliyooshwa na Mama Georgine.

Mwaka wangu wa mwisho alikuja Furaha, musichana mwenye lisansi ya chuo kikuu na viatu visivyofaa matope. Nilimupa buti zangu za zamani, tukaelewana. Kwenye majani ya nyuma ya uzio Kamukia mumoja alikuwa amejenga, na tulikuwa tunamuangalia kwa kioo, siku hizi hatuchukui tena mayai, tunapiga picha tu. Jumatatu mayai yalikuwa matatu, mekundu mekundu. Jumanne manne, yote sawa kwa macho ya Furaha.

"Ameongeza moja, mama."

"Hili si lake," nikasema. "Angalia madoa. Haya matatu yametupwa kama mutu anayenyunyiza chumvi. Lile limepangwa. Mutu anayeiga saini ya mwenzake anaandika vizuri kuliko mwenyewe."

Hakuniamini. Jumatano tukakuta matatu kwenye kiota, na la ine chini, kwenye njia ya mawe. Kamukia alikuwa amelitupa. Furaha aliliokota, akaligeuza.

"Limeanguka kwa jiwe na halikupasuka," akasema. "Ganda la Mugeni ni nene, mama. Karibu wote wanaotagia nyumba za wengine wako hivyo. Tulisoma."

Nilisimama pale na buti zangu ndani ya maji. Ganda nene. Halikupasuka. Nikarudi chumbani bila kumwambia kitu, nikafungua tiroire ya tatu, nikatoa picha ya Muzee. Yai la kwanza, la pili, la tatu: madoa ya kunyunyiza. La ine: yamepangwa. Miaka ishirini na tisa nilikuwa naangalia picha ile nikiona aibu yangu tu, sikuwahi kuangalia mayai yaliyochorwa. Nikaweka la ine kwenye mudomo, nikaligusa na jino. Nene.

Furaha aliingia nyuma yangu. "Lakini hilo si liliponea kwa sababu lilielea? Kila mutu anajua hadisi hiyo."

"Halikuelea."

"Unajua namna gani?"

Nilikaa kwenye ndoo niliyoipindua. Nikamwambia habari ya kisahani. Musichana alicheka mpaka akashika kabati, nikamuambia ashike kitu kingine. Kisha akili ikamufikia.

"Kwa hiyo yote manne yalikuwa chini ya ndimao sawa. Na moja likakataa kuyeyuka."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo Muzee, mambo yote yale ya mama mumoja, mwandiko mumoja..."

"Fundisho lake ni la kweli. Mayai yake ndiyo yalimudanganya."

Akafikiri. "Mama, umuache. Ni mutu muzima, haoni vizuri, hiyo tiroire ndiyo kazi aliyoipenda. Wageni wote wale aliwaambia. Utashuka kumwambia nini? Kwamba Mugeni alimuweza?"

Alikuwa na haki. Ili jina langu lisafishwe, ilibidi lake lichafuke. Na ili nimwambie lake, ilibidi nimwambie na langu, lile la tumboni. Nililala siku tatu na jambo hilo. Siku ya ine nikamuambia Furaha aandike kwenye kaye, lile daftari la kituo: mayai manne, picha moja, etiketi moja, yanatoka, yatarudi. Nikayafunga kwa pamba ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kutoka nyumbani nikachukua kisahani, nikakiosha chumvi.

Njia ya kushuka Kasenyi munaijua. Nilimwambia kijana wa moto, yule wa pikipiki, "Niko na mayai hapa." Akaniambia, "Hakuna shida, mama, tutanunua mengine." Kila kona nilimupiga begani.

Nilimukuta Muzee Leonari mbele ya nyumba, harufu ya samaki ya moshi kila mahali, kikombe chake juu ya kiti kidogo chenye duara za chai. Alikuwa amepungua. Nilimusalimia, akageuza uso kutafuta sauti.

"Georgine. Umekuja kuniosha?"

"Nimekuja kwa etiketi."

Akakaa wima. "Sema basi."

Nilishaandaa maneno mazuri njiani, yote yakaanguka kwenye zile kona. Nikamushika mukono, nikaweka kisahani ndani yake.

Alikipapasa. Ukingo, katikati, alama ndogo pale kilipovunjika zamani.

"Nilikitafuta hiki," akasema.

"Ninajua. Nilikuwepo."

Nikamwambia yote. Ndimao, povu, kisahani juu ya mayai, viatu kwenye koridori, tumbo. Kwamba hakuna yai lililoelea. Kisha nikamupa mayai moja moja. Aliyaweka kwenye mudomo kama zamani, akagusa na jino lililobaki. La kwanza. La pili. La tatu. La ine aligusa mara mbili, kisha akaligeuza na kugusa tena. Nilisubiri. Nilikuwa najua neno litakalokuja, nililisikia miaka yote, na nikaona mudomo wake unalianza.

"Hicho," akasema. Akakatiza hapo. "Hicho sikukijua."

Sikufurahi namna nilivyodhani. Alikuwa na yai kwenye kiganja na macho yanaangalia ziwa ambalo haoni.

"Monsenyeri," akasema baadaye. "Nilimwambia hata Monsenyeri."

"Ndiyo."

"Ameniweza, ule Mugeni. Si yule Kamukia. Mimi. Nilimuambia kila mutu namna ya kumujua, na alikuwa ndani ya tiroire yangu, nimemuchora." Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikanyoosha mukono, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na mukewe akatoka kuangalia nani amemfanya muzee hivi. "Ndimao," alimwambia. "Bantu bananunua mashine, yeye na ndimao mbili za samaki."

Kisha akaomba etiketi. Nikampa. Akaishika kwa vidole viwili juu na viwili chini, tayari kuipasua, kama alivyoahidi.

Na mimi nikashika mukono wake.

Nilijishangaa. Miaka yote nilikuwa nasubiri sauti ya karatasi ile ikipasuka. Lakini nikaona: ukiipasua, mutu wa kesho atafungua tiroire na kukuta maganda matatu membamba na moja nene, na hatajua ni kwa nini. Atasema ugonjwa. Atasema joto. Bila ndimao hakuna ushahidi, na ndimao imeandikwa pale tu, karibu na jina langu.

"Iache, Muzee," nikasema. "Kazi inaihitaji."

Akatulia. Kisha akasema, "Biki."

Aliandika yeye mwenyewe, kichwa karibu kugusa karatasi, herufi kubwa kama za mutoto zikipanda na kushuka. Nilimushikilia kona. Alikata maneno *ya mama mumoja*, akaongeza chini: *Matatu ya Kamukia, moja ya Mugeni. Leonari hakuona. Georgine aliyafunika na kisahani.* Akaweka saini. Kisha akaweka kikombe chake juu ya kisahani, akakinyanyua, akakirudisha, akasikiliza ile sauti ndogo.

Tiroire ya tatu ni ile ya upande wa mulango, munaijua. Wageni wakija, muwasomee etiketi yote, si nusu ya juu peke yake kwa sababu inachekesha. Pazia ibaki imefungwa. Brashi ni ya manyoya ya mbuzi. Mutu mupya akiingia kazi na mukamuambia asafishe tiroire, mumusimamie mpaka amalize, na mumuulize mapema ameleta nini kwa chakula cha mchana.